Kujenga Mara Moja, Kutumia Mara Nyingi: Vifurushi vya Programu katika Jamii ya Tarakilishi

Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Kenya, mahindi ya kaya nyingi husagwa katika kinu kimoja cha sokoni. Si kwamba kaya hizo hazina uwezo wa kusaga kwa jiwe nyumbani. Jambo hilo lilifanywa kwa vizazi vingi. Ila iligunduliwa kwamba mashine moja yenye nguvu, ikisimamiwa vyema, hukidhi haja ya kijiji kizima kwa muda mfupi na kwa jasho dogo. Aliye na haja hubeba debe lake, na jioni ugali huwa mezani.

Mantiki hiyo hiyo hujitokeza katika matumizi ya tarakilishi. Mahali penye tarakilishi kadhaa, iwe ni maabara ya chuo, maktaba au ofisi, huzuka swali hili: je, kila mashine ijitengenezee programu zake kutoka mwanzo, au mashine moja ifanye kazi hiyo kisha matunda yake yagawiwe nyingine zote? Makala haya yananuia kueleza jinsi programu inavyojengwa, namna programu iliyokwisha kujengwa inavyoweza kutumiwa tena katika mashine nyingine, masharti yanayotawala ushirika huo, na hatari zinazoandamana nao. Mwishoni, makala yanadokeza kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye huenda akadhani ni la wahandisi peke yao.

Msimbo asilia na msimbo wa mashine

Mwanaprogramu haandiki kazi yake katika lugha ya mashine. Huandika kwa lugha kama vile C, C++ au Rust, ambazo binadamu aliyefunzwa anaweza kuzisoma, kuzihakiki na kuzihariri. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa msimbo asilia. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, haiufahamu msimbo huo hata chembe. Inachofahamu ni mifuatano ya tarakimu 0 na 1 iliyopangwa kulingana na orodha maalumu ya amri zake. Mifuatano hiyo ndiyo msimbo wa mashine.

Kati ya matini hizi mbili sharti pawe na mfasiri. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo kompaila. Mmarekani Grace Hopper alikuwa miongoni mwa waasisi wa wazo hili alipobuni mfumo wa A-0 mwaka 1952. Mwaka 1957 kundi lililoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya lugha ya FORTRAN, na tangu hapo ikawa kawaida kwa binadamu kuandika katika lugha iliyo karibu naye na kuiachia mashine kazi ya kufasiri.

Msomaji aliyesoma nadharia za tafsiri atatambua tofauti ya kimsingi hapa. Kompaila ni mfasiri, wala si mkalimani. Mkalimani huhawilisha maneno papo kwa papo, na kikao kikirudiwa kesho, naye hana budi kurudia kazi yake. Mfasiri hufanya kazi mara moja, akaacha nyuma yake matini iliyokamilika ambayo inaweza kusomwa na wengi bila yeye kuwapo. Zipo programu ambazo hufanyiwa ukalimani kila zinapoendeshwa. Makala haya yanahusu zile zinazofasiriwa kwanza, zikahifadhiwa, ndipo zikatumiwa.

Ufasiri huo una gharama. Kompaila haibadilishi neno kwa neno tu. Husoma sentensi zote za msimbo, huchunguza sarufi yake, huondoa marudio yasiyo na faida, kisha hupanga amri kwa namna itakayoifanya programu iende kasi. Programu ndogo humalizika kwa sekunde chache. Programu kubwa, mathalani kivinjari cha wavuti au mkusanyiko wa programu za ofisi kama LibreOffice, ina mamilioni ya mistari ya msimbo. Katika tarakilishi ya kawaida, kuijenga huweza kuchukua saa nyingi, huku prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kumbukumbu ikijaa na umeme ukitumika.

Njia mbili za ugavi

Mifumo huria ya uendeshaji imelishughulikia suala hili kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza inawakilishwa na Debian, mradi uliotangazwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti mwaka 1993. Katika Debian, wajenzi wa mradi huufasiri msimbo asilia, wakaufunga pamoja na maelezo yake katika faili moja iitwayo kifurushi, na mtumiaji hupakua kifurushi hicho kikiwa tayari. Ubuntu, uliozinduliwa mwaka 2004, umejengwa juu ya msingi huo.

Njia ya pili inawakilishwa na Gentoo, mfumo ulioasisiwa na Daniel Robbins, ambaye toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Robbins aliathiriwa na utaratibu wa FreeBSD wa kumpa mtumiaji maelekezo ya kujenga badala ya kitu kilichojengwa. Katika Gentoo, chombo kiitwacho Portage huchukua msimbo asilia na kuufasiri katika mashine ya mtumiaji mwenyewe. Faida yake ni uhuru. Mtumiaji huamua ni sehemu zipi za programu zijengwe na zipi ziachwe, na huamuru kompaila itumie amri zote ambazo prosesa yake inazifahamu. Nguo hushonwa kwa kipimo cha mvaaji.

Hata hivyo, uhuru huo una bei yake. Chukulia kwamba chumba kimoja kina tarakilishi kumi zinazofanana, na kwamba programu fulani huhitaji saa tatu kujengwa. Endapo kila mashine itajijengea, zitatumika saa thelathini za kazi ya mashine ili kupata nakala kumi za kitu kile kile. Toleo jipya likitoka mwezi ujao, saa nyingine thelathini zitahitajika. Wakati huo wanafunzi wanaongoja kuandika kazi zao wanatazama mashine zilizoelemewa. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa vidole kumi vinavunja chawa yule yule mara kumi.

Wenyewe Gentoo walilitambua tatizo hili mapema, ndiyo maana Portage imekuwa na uwezo wa kuunda na kutumia vifurushi vilivyojengwa kabla. Tarehe 29 Desemba mwaka 2023 mradi huo ulichukua hatua zaidi. Ulitangaza kwamba utatoa rasmi vifurushi vilivyojengwa tayari kwa ajili ya prosesa za aina ya amd64 na arm64, zaidi ya gigabaiti 20 kwa jumla. Mfumo uliosifika kwa kumtaka kila mtu asage unga wake ukafungua kinu cha umma, bila ya kumnyang'anya yeyote jiwe lake.

Utaratibu wa kushiriki vifurushi

Namna ya kuweka kinu hicho katika chumba cha tarakilishi chache ni rahisi kuieleza. Kwanza huteuliwa mashine moja yenye prosesa ya kasi na kumbukumbu ya kutosha, nayo huitwa mjenzi. Katika faili ya mipangilio ya Portage, msimamizi huwasha chaguo liitwalo buildpkg. Tangu hapo, kila programu inayojengwa katika mashine hiyo huachwa katika sura mbili: inasakinishwa hapo hapo, na papo hapo nakala yake hufungwa kama kifurushi na kuwekwa katika saraka maalumu. Pamoja na vifurushi hivyo huwekwa faili ya fahirisi inayoorodhesha jina la kila kifurushi, toleo lake, chaguo zilizotumika wakati wa kukijenga na vifurushi vingine kinavyovitegemea.

Pili, saraka hiyo hufunguliwa kwa mashine nyingine. Inaweza kutolewa kupitia seva ya wavuti iliyomo ndani ya jengo, au ikashirikishwa kama diski ya mtandao. Intaneti ya nje haihitajiki katika hatua hii. Jambo hilo lina uzito mahali ambapo huduma ya intaneti ni ghali au hukatika mara kwa mara, kwani msimbo asilia hupakuliwa mara moja tu na mjenzi, na yaliyosalia husafiri kwa waya wa ndani.

Tatu, mashine pokezi huelekezwa kwenye anwani ya mjenzi. Mtumiaji anapoomba programu, Portage huanza kwa kuisoma fahirisi. Ikikuta kifurushi kinachoafiki mahitaji ya mashine hiyo, hukichukua, hukifungua na kuzipanga faili zake mahali pake. Shughuli ya saa tatu huwa ya dakika chache. Isipokikuta, hurudi kwenye msimbo asilia na kujenga. Kwa hivyo hakuna anayezuiwa. Mwenye haja ya kawaida huhudumiwa ghalani, na mwenye haja ya pekee hujitengenezea.

Inafaa kutofautisha utaratibu huu na mingine miwili inayofanana nao. Chombo kiitwacho distcc hugawa kazi ya kufasiri miongoni mwa mashine kadhaa ili ikamilike upesi. Huo ni ujima wa kulima shamba moja kwa pamoja. Chombo kiitwacho ccache hukumbuka sehemu zilizowahi kufasiriwa ili zisifasiriwe upya kazi ile ile inaporudiwa. Vyote viwili hupunguza muda wa kujenga. Kifurushi kilicho tayari huiondolea mashine pokezi kazi yenyewe ya kujenga.

Masharti ya upatanifu

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kifurushi kilichojengwa kwa ajili ya mashine moja si lazima kiifae nyingine. Yapo masharti matatu ambayo sharti yatimizwe.

Sharti la kwanza ni lugha ya prosesa. Msimbo wa mashine uliotengenezwa kwa prosesa za familia ya x86, ambazo hupatikana katika tarakilishi nyingi za mezani, hauwezi kueleweka moja kwa moja na prosesa za familia ya ARM zilizomo katika simu na katika tarakilishi ndogo kama Raspberry Pi. Hizo ni lugha mbili tofauti. Hata ndani ya familia moja mna lahaja. Prosesa za Intel za kizazi cha Haswell, zilizotoka mwaka 2013, zilileta kundi la amri liitwalo AVX2 ambalo prosesa za kabla yake hazilijui. Mjenzi akiamuru kompaila itumie kila amri iliyopo katika prosesa yake mpya, kisha kifurushi kikapelekwa kwenye tarakilishi kuukuu, programu itaanza vizuri, na itakapofika kwenye amri ngeni itasimamishwa kwa kosa la amri isiyo halali.

Kasoro hii inastahili kutiliwa mkazo kwa sababu Portage haiwezi kuthibitisha kwa niaba ya msimamizi kwamba vigezo vya prosesa alivyomtajia kompaila vinaiafiki kila mashine pokezi. Jukumu hilo ni lake mwenyewe. Suluhisho la kawaida ni kujenga kwa kiwango ambacho mashine zote zinakifahamu, yaani kile cha iliyo dhaifu kuliko zote. Kasi kidogo hupotea katika mashine mpya, lakini hakuna inayoachwa nyuma. Mtu anayeandikia hadhira ya Afrika Mashariki nzima hufanya hivyo hivyo. Hutumia Kiswahili sanifu badala ya kilugha cha mtaa wake, ingawa anajua kwamba utamu fulani utapungua.

Sharti la pili ni chaguo za ujenzi. Programu moja inaweza kujengwa ikiwa na uwezo wa kuchapisha au bila uwezo huo, ikiwa na madirisha ya picha au bila madirisha. Mashine mbili zilizo na chaguo tofauti haziwezi kushiriki kifurushi kimoja bila mojawapo kupata pungufu au ziada. Kwa upande huu Portage husaidia, kwa kuwa chaguo hizo huandikwa katika fahirisi na zinaweza kulinganishwa kabla ya kifurushi kukubaliwa. Busara ni kuzifanya chaguo za mashine zote zifanane kadiri inavyowezekana.

Sharti la tatu ni maktaba. Programu nyingi hazibebi kila kitu zinachohitaji. Huazima kazi za kawaida kutoka kwa mafaili ya pamoja yanayoitwa maktaba. Kifurushi kilichojengwa dhidi ya toleo fulani la maktaba huenda kikakataa kufanya kazi penye toleo lingine, kama ambavyo tanbihi inayomwelekeza msomaji kwenye ukurasa wa 40 wa kitabu humpoteza iwapo ana chapa nyingine ya kitabu hicho. Kwa hiyo mashine zinazoshirikiana hazina budi kusasishwa pamoja. Mradi wa Nix, ulioanzishwa na Eelco Dolstra mwaka 2003, ulilishughulikia tatizo hili kwa kukipa kila kifurushi utambulisho unaotokana na malighafi yote yaliyotumika kukijenga. Malighafi yakibadilika hata kidogo, utambulisho nao hubadilika, na kifurushi kisichoafiki hakiwezi kuchukuliwa kimakosa.

Suala la uaminifu

Zaidi ya upatanifu, lipo swali zito zaidi. Anayepokea msimbo wa mashine hawezi kuusoma. Atajuaje kwamba ulitokana na msimbo asilia alioambiwa? Atajuaje kwamba hakuuziwa mbuzi guniani?

Wanafunzi wa fasihi wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Tangu hapo wasomaji wa Kiswahili wameipata tamthilia hiyo bila ya kila mmoja wao kulazimika kujifunza Kiingereza cha karne ya 16. Hiyo ndiyo faida ya kazi iliyofanywa mara moja kwa niaba ya wengi. Lakini asiyeweza kuisoma asilia hatambui kwamba neno ambalo Shakespeare alilitumia kwa maana ya mfanyabiashara mmoja limegeuka kuwa mabepari, na kwamba huo ni uamuzi wa mfasiri. Katika fasihi uamuzi huo ni utajiri. Katika programu, uamuzi uliofichwa unaweza kuwa wizi.

Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alionyesha katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka huo kwamba kompaila yenyewe inaweza kuchezewa ili ipenyeze mlango wa siri katika programu inazozifasiri, hata kama msimbo asilia wa programu hizo ni safi kabisa. Onyo hilo lilidhihirika kwa sura tofauti mwezi wa Machi mwaka 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta msimbo haramu umefichwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana faili iitwayo xz. Msimbo huo ulikuwa umetegwa katika hatua ya ujenzi, na uliamka pale tu vifurushi vya mtindo wa Debian au wa RPM vilipokuwa vikijengwa.

Je, tukio hilo linathibitisha kwamba kila mtu arudi kwenye jiwe lake la kusagia? La hasha. Anayejijengea programu bila kuusoma msimbo wake hana kinga kubwa kuliko anayepokea kifurushi, kwa kuwa kujenga si kusoma. Kinga hutokana na uwezekano wa kuhakikiwa. Kwanza, vifurushi hutiwa saini ya kidijitali, na mashine pokezi hukikataa kifurushi ambacho saini yake haiafiki ufunguo unaoaminiwa. Umbizo jipya la vifurushi vya Gentoo, GPKG, liliundwa likiruhusu saini hizo. Pili, tangu mwaka 2013 wajenzi wa Debian na wenzao wamekuwa wakifanyia kazi ujenzi unaorudufika. Lengo ni kwamba watu wawili wasiojuana, wakijenga msimbo mmoja kwa maelekezo mamoja, wapate matokeo yanayolingana tarakimu kwa tarakimu. Kwa wafasiri wawili wa kibinadamu jambo hilo haliwezekani. Kwa mashine linawezekana pale mambo madogo kama tarehe ya ujenzi, majina ya saraka na mpangilio wa faili yanapodhibitiwa. Matokeo yakitofautiana, kuna swali la kuulizwa.

Mchango kwa Kiswahili

Mwezi wa Desemba mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliozungumza Kiswahili. Walichokifanya wafasiri wa mradi huo ni kuhawilisha maneno ya menyu na ujumbe. Lakini maneno hayo yaliyomo katika faili za tafsiri hayakuwa na manufaa kwa karani au mwalimu hadi programu nzima ilipojengwa upya yakiwamo ndani yake. Lau kila mtumiaji angetakiwa kuijenga mwenyewe, kazi ile ya isimu ingebaki mikononi mwa wataalamu wachache. Kifurushi kilicho tayari ndicho daraja kati ya mwanaistilahi na mwananchi.

Aidha, uwanja huu unaonyesha haja ya istilahi makini. Neno kifurushi limekwisha kuzoeleka katika huduma za simu, na maktaba imepata maana ya pili bila kuipoteza ya kwanza. Kwa dhana ya kompaila, Kiswahili tayari kina jozi ya mfasiri na mkalimani, ambayo inabainisha kwa uwazi tofauti ambayo wanafunzi wengi wa tarakilishi huihangaikia. Pengo la istilahi halizibwi kwa kukopa pekee. Wakati mwingine hazina imo ndani ya idara za tafsiri.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba programu ni matini iliyofasiriwa, na kwamba si lazima tafsiri ile ile ifanywe upya katika kila mashine. Mashine moja inaweza kujenga, ikahifadhi na kuzigawia nyingine, mradi lugha ya prosesa, chaguo za ujenzi na maktaba zipatane, na mradi kila kifurushi kiweze kuthibitishwa asili yake. Chumba chenye tarakilishi kongwe na mkondo hafifu wa intaneti ndicho chenye kunufaika zaidi, kwa kuwa huko ndiko saa moja ya umeme na kila megabaiti huhesabiwa. Mashine iliyo dhaifu kuliko zote inapojumuishwa katika hesabu tangu mwanzo, chumba kizima hufanya kazi. Ikisahauliwa, mwanafunzi atakayeketi mbele yake ndiye atakayeilipa gharama.